Tuliteremka Monte kwa kikapu: kabla hujakaa, uliza kinaishia wapi

Tangu niweke status ile video ya shangazi anateremka mlima ndani ya kikapu, simu haijatulia. Wa Tanga wanauliza kama ni kweli au nimechezea picha, wa huku Ujerumani wanauliza bei gani, na kaka yangu yeye kauliza kitu kimoja tu, ulimpa nini shangazi mpaka akakubali. Sikumpa kitu. Kakubali mwenyewe, tena haraka kuliko mimi. Sasa naandika yote hapa kwa mkupuo, gharama, hofu, na zile sehemu ambapo watu wamekaa wanakusubiri utoe hela, ili mwingine akienda ajue.

Kisiwa chenyewe ni Madeira, kisiwa cha Wareno kilichoko Atlantiki, karibu zaidi na Morocco kuliko na Lisbon. Ndo alikozaliwa Cristiano Ronaldo, na uwanja wa ndege umepewa jina lake. Shangazi mpira hafuatilii lakini Ronaldo anamjua, kwa hiyo hapo sikuhitaji kueleza sana.

Wanaoishi na vibali huku Ujerumani hawahitaji viza nyingine, Ureno iko Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Shangazi alikuja kwa viza ya Ujerumani aliyoombea Dar, euro 90 tangu ilipopanda 2024, pamoja na bima ya afya ya kufikia euro 30,000, na hiyo hiyo ndo ilimfikisha Madeira bila kuomba tena. Ila angalieni, muda mkubwa wa safari lazima uwe kwenye nchi iliyotoa viza, sio unaombea Ujerumani halafu mwezi mzima uko Ureno. Na pasipoti tembea nayo hata kama pale kwenye kutoka hakuna anayeigonga muhuri, maana kwenye geti la ndege wanaweza kuiangalia.

Kuhusu ndege niwaambie ukweli, kutua Madeira sio mchezo. Kisiwa ni mlima uliosimama baharini, hakuna tambarare, kwa hiyo njia ya ndege waliirefusha mwaka 2000 kwa kuijenga juu ya nguzo karibu 180 pembeni mwa bahari, na upepo unaotoka milimani unapiga pale unavyotaka wenyewe. Marubani wanapewa mafunzo maalum ndo waruhusiwe kutua. Sisi tulishuka mpaka nikaona madirisha ya nyumba, mara ndege ikanguruma ikapanda tena juu, watu kimya, mtoto mmoja analia, na shangazi kashanishika mkono anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, wala hakujali nani anasikia. Tukazunguka, tukajaribu tena, tukatua, ndege nzima ikapiga makofi. Wengine wanapelekwa kisiwa cha jirani cha Porto Santo au wanarudishwa mpaka bara. Kwa hiyo siku ya kufika usilipie kitu chochote mapema, wala boti wala ziara, na siku ya kurudi usiipange kesho yake uwe kazini. Hili nitalirudia chini kwa sababu lilitugharimu.

Haya, kikapu.

Juu ya mji wa Funchal kuna kitongoji kinaitwa Monte. Enzi hizo matajiri walikuwa wanaishi kule juu kwenye baridi, na kushuka mjini kwa mguu kulikuwa kazi, ndo kuanzia katikati ya miaka ya 1800 wakaanza kuteremka kwa vikapu. Yaani ilikuwa usafiri wa kweli, sio burudani. Baadaye kukawa na treni ya kupanda Monte, nayo ilikufa 1943, lakini vikapu vipo mpaka leo. Chenyewe ni kama kochi la watu wawili lililosukwa kwa fito, lina mto wa kukalia, na chini yake hakuna matairi, kuna mbao mbili tu zinazoteleza kwenye lami. Nyuma wanasimama wanaume wawili wamevaa nguo nyeupe na kofia za majani, wanaitwa carreiros, wanashika kamba. Mkanda hakuna. Helmeti hakuna. Injini hakuna. Na barabara ni ile ile ya magari.

Kupanda Monte una njia mbili. Kebo ya angani inaanzia mji mkongwe, chini kabisa karibu na bahari, inachukua kama dakika 15, na inakula euro kumi na kitu kwa kwenda tu. Au basi la mjini, ambalo ni hela ndogo sana ukilinganisha, ila linapinda pinda. Ushauri wangu panda kwa kebo. Ni ghali ndio, ila unapita juu ya mapaa ya watu, unaona migomba imepandwa mpaka pembeni mwa mahandaki ya maji, unaona nguo zimeanikwa, na unaona barabara zilivyosimama wima, hapo akili inaanza kukuuliza hivi nitateremkaje hapa. Usinunue tiketi ya kwenda na kurudi. Watu wanainunua kwa sababu dirishani inaonekana ya bei nafuu, halafu wakifika juu wanapanda kikapu na nusu ya tiketi inabaki mfukoni.

Kule juu msikimbilie foleni. Kuna bustani ya Monte Palace, kiingilio chake sio kidogo, lakini shangazi alifurahi kuliko nilivyotarajia, na sio kwa sababu ya maua. Mle ndani kuna jengo lina vinyago vya mawe vya Zimbabwe, vingi, vya miaka ya 1960, vimepangwa vizuri na taa zake. Alikaa mbele ya kimoja muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, na hivi navyo vimekuja likizo?" Nilicheka lakini swali lilinikaa. Karibu na hapo kuna kanisa lenye ngazi 74, ndani yake amezikwa Karl, mfalme wa mwisho wa Austria, alifukuzwa kwao akaja kufia hapo Monte mwaka 1922. Chini ya ngazi hizo hizo ndo vikapu vinapoanzia.

Foleni inategemea meli. Zile meli kubwa za watalii zikitia nanga Funchal, asubuhi nzima Monte inajaa, unasimama mpaka miguu inawaka. Ratiba za meli ziko wazi mtandaoni, angalia, chagua siku isiyo na meli au fika wanapofungua. Jumapili usiitegemee, uliza kwanza. Mvua ikinyesha pia wanaweza kusimamisha. Bei inapanda panda, ila hesabu kati ya euro 30 na 40 kwa watu wawili, karibu laki moja ya kwetu, kwa safari ya kilomita mbili na dakika kama kumi tu. Ukienda peke yako hulipi nusu yake, kwa hiyo kama uko solo tafuta mwenzio pale kwenye foleni, watu wanafanya hivyo sana na hakuna anayeshangaa.

Mimi tulipokaribia mbele nilianza kutafuta sababu. Magoti ya shangazi. Presha yake. Umri wake. Nikamwambia shangazi tunaweza tu kuangalia halafu tukashuka na basi. Akaniuliza, "Mimi ndo naogopa au wewe?" Basi nikanyamaza. Akakaa, akakusanya baibui yake akaikalia, mtandio akaufunga nyuma kwa fundo, na hili ni muhimu kwa kina mama, nguo yoyote inayoning'inia ifunge au ikalie, isiburuzike chini pembeni. Simu weka kwenye mfuko wenye zipu. Kama unataka video, shika kwa mikono miwili na ujue mwendo wenyewe utaukosa, mimi ile video niliyoweka nilichukua pale mwanzo tu kwenye sehemu ya taratibu, kulikobaki nilishika kikapu.

Kabla hatujaondoka shangazi akageuka nyuma akamwuliza yule baba kwa Kiswahili kabisa, "Breki yake iko wapi hii?" Yule baba sijui alielewaje, labda kila mtu anauliza hilo hilo, akainua mguu akatuonyesha soli ya kiatu. Mpira mnene. Ndo breki hiyo. Shangazi akasema, "Haya, bismillah," tukasukumwa.

Mwanzo wanakuvuta kwa kamba, wanakimbia pembeni, unaona mbona kawaida. Halafu mteremko unaanza, wanaruka nyuma wanasimama, na kile kitu kinachukua kasi. Inatajwa kufika kilomita 38 kwa saa, kwenye gari sio kitu, lakini wewe umekaa sentimita chache juu ya lami, unasikia mbao zinavyosaga barabara, na lami yenyewe imesuguliwa na vikapu vya miaka yote hiyo mpaka inang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Kwenye kona hawapindi kama gari. Wanakigeuza kikapu kinakwenda ubavu ubavu, unaona ukuta wa nyumba ya mtu unakujia, unasema basi ndo leo, halafu kiatu kinasaga chini na kikapu kinanyooka. Tulikutana na gari dogo linapanda. Dereva wala hakushtuka, alijibana pembeni, akapunga mkono. Mimi nilipiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Shangazi alikuwa anacheka mpaka machozi, huku ananipiga paja, na katikati akanyamaza, mtelemko ulipokuwa mkali zaidi, nikasikia shahada inapita taratibu, kisha akaendelea kucheka.

Kuna watu siwashauri, sema ukweli. Mwenye mgongo mbovu, mjamzito, na mtu aliyefanyiwa operesheni juzi juzi. Mitikisiko ipo na mto ni mwembamba. Magoti sio tatizo kubwa kwa sababu unakaa, tatizo ni kuinuka kutoka kule chini, sisi wale kina baba wawili walimshika shangazi mkono huku na huku akainuka kama bibi harusi.

Sasa ndo nafika kwenye kitu nilichotaka kusema tangu mwanzo. Kikapu hakikufikishi mjini. Kinaishia Livramento, katikati ya mlima, na kutoka pale mpaka baharini bado kuna safari ndefu ya mteremko. Wageni wengi hawajui, wamekaa wamejaa furaha, miguu inatetemeka, na hapo ndo wanasubiriwa. Kwanza kuna picha. Njiani kuna mtu alikupiga bila wewe kujua, na ukishuka tu picha iko tayari imewekwa kwenye kadi, euro 10. Hulazimiki. Shangazi aliitaka, tukanunua, na sijuti, iko ukutani kwake Tanga saa hizi. Pili kuna vinywaji. Tatu kuna teksi, zimepangwa, na dereva wa kwanza atakwambia mjini ni mbali mno, basi hakuna, kutembea hamuwezi. Kutembea inawezekana kama magoti yako mazima, ila ni mteremko wa kuumiza mapaja, kwa mtu mzima usithubutu. Basi zipo ukisogea kidogo, waulize wakazi dukani, sio dereva teksi. Sisi tulichukua teksi, lakini nilipatana bei mlango ukiwa wazi na shangazi bado amesimama nje, na ilishuka karibu nusu ya ile aliyotaja kwanza. Ukishaingia ndani na mizigo umekwisha. Pia niliona watu wamepanga chakula cha mchana Monte baada ya kikapu, yaani walitaka kurudi tena juu, wakabaki wanatazamana. Kama una jambo Monte limalize kwanza, bustani, kanisa, chai, ndo ushuke.

Mengine nitayapitia haraka haraka.

Soko la matunda mjini. Jengo zuri, samaki chini, maua, na juu matunda ya kila aina, hasa pesheni, zina rangi na ladha tofauti tofauti. Kwenye meza moja muuzaji anakukatia, anakulambisha, tamu ajabu, na baadaye nikagundua kwamba vile vya kuonjesha vinawekewa sukari. Unasema nipe viwili vitatu, anajaza mfuko, anapima, inatokea zaidi ya euro 20. Mimi nilishaanza kutoa kadi kwa aibu. Shangazi akauliza ni shilingi ngapi, nikamwambia, akachukua ule mfuko kwa upole akaurudisha mezani tunda moja moja, anahesabu, akabakisha mawili. "Lushoto ningejazwa kapu zima," aliniambia, na yule muuzaji akacheka naye. Kwa hiyo waombe wapime kabla ya kujaza, au nunua kwenye supermaketi ya mtaani.

Levada ni kitu ambacho sikukitegemea kunigusa. Ni mifereji ya maji inayotoka kaskazini kwenye mvua kwenda kusini kukavu, kilomita zaidi ya elfu mbili ukijumlisha zote, mingine ilianza kuchimbwa tangu karne ya 15, na pembeni yake kuna njia ya mtu mmoja mmoja kutembea. Mtu wa Kilimanjaro akiiona atakwambia huu si mfongo tu, na ni kweli, kazi ni ile ile, maji yanatembezwa taratibu kwenye bega la mlima. Ila mfongo wa Wachagga ulichimbwa na ukoo kwa ajili ya mashamba yao. Hapa maji yalikuwa yanafuata miwa, na miwa ya Madeira ililimwa na watumwa, wakiwemo Waafrika, kabla mfumo huo haujapelekwa São Tomé na Brazil. Kibao cha njiani nilichosimama kusoma kilieleza vizuri sana kuhusu mimea. Kuhusu watu hao, kimya. Sikumwambia shangazi siku ile, nilimwambia jioni, akasema alishahisi.

Kwa mzee chagua njia ya Balcões kule Ribeiro Frio, ni kilomita moja na nusu kwenda, karibu yote tambarare, na mwisho unatokea kwenye roshani inayoangalia bonde na vilele, na ndege wadogo wanakuja kula mkononi. Mimi peke yangu nilikwenda Caldeirão Verde, kilomita sita na nusu kwenda na nyingine kama hizo kurudi, kuna mahandaki ya giza kabisa, unainama, maji yanadondoka shingoni, na upande mmoja ni shimo lina waya tu wa kushika. Usitegemee tochi ya simu, mikono yote unaihitaji, nunua ile ya kuvaa kichwani. Viatu vya kushika utelezi, koti la mvua hata kama mjini kuna jua, na njia rasmi siku hizi zina ada ndogo ya kulipia mapema mtandaoni. Na angalia kama haijafungwa, maporomoko yakitokea wanafunga bila kukusubiri.

Boti ya kuona pomboo na nyangumi, karibu masaa matatu. Pomboo tuliwaona, wengi. Mimi nilitapika. Shangazi mzaliwa wa pwani alikaa mbele anakula karanga. Beba tangawizi.

Cabo Girão ni mwamba wa mita 580 wenye sakafu ya kioo ya kusimama juu ya bahari. Shangazi aliyecheka kwenye kikapu aligoma kabisa kukanyaga, akasema kule kulikuwa na watu wawili wameshika kamba, hapa nani kashika? Sikuwa na jibu.

Kuhusu kula, kwa Waislamu haikuwa ngumu kama nilivyohofia. Samaki wapo kila mahali, hasa espada, ni mweusi mrefu ana meno ya kutisha, anavuliwa kwenye kina kirefu sana, na wanampika na ndizi mbivu ya kukaanga juu yake. Unaweza kudhani ni mchezo, lakini shangazi alisafisha sahani. Mkate wao wa bolo do caco una viazi vitamu ndani na siagi ya kitunguu saumu, ila ule wenye nyama uliza, mara nyingi ni nguruwe. Na kuna milho frito. Ni ugali jamani! Ugali wa mahindi una majani ya mboga ndani, umepoa, umekatwa vipande, ukakaangwa. Uliza tu kama ni mafuta ya kawaida au ya nguruwe, kwa sababu wapo wanaotumia hayo. Poncha, pombe kali ya huko, na mvinyo wa Madeira watakusukumia kila kona, kataa kwa tabasamu, agiza juisi ya pesheni.

Siku ya kuondoka upepo ukafunga uwanja. Ubao mzima wa safari ukageuka mwekundu, watu wamelala chini, na shirika letu likaweka mfanyakazi mmoja kwa foleni ya watu sijui mia ngapi. Nilipoteza siku ya mshahara, ndo maana nilisema msipange kazi kesho yake. Hapa kuna jambo wengi wetu hatulijui: kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema upepo ni dharura, fidia ya hela huwezi kudai, LAKINI chakula na hoteli ni haki yako muda wote unaosubiri, na ndege mbadala pia, hata kama tiketi ilikuwa ya bei ya kutupa. Hawatakutangazia. Mimi nilimweka shangazi kwenye kiti na mizigo, nikasimama foleni na pasipoti zote mbili, nikadai kwa maneno hayo hayo, tukapewa vocha za chakula na chumba. Familia iliyokuwa nyuma yetu ilishachoka ikaondoka kwenda kujilipia hoteli yenyewe. Ukifikia hapo na huna namna, basi angalau tunza risiti zote, ya chumba, ya teksi, mpaka ya maji ya kunywa, na uwaandikie ukishafika nyumbani.